Nani Alipiga Saa Tisa?

Kibao cha shaba kilichopigiliwa mlangoni mwa mnara wa saa kina majina sita. Watano walikata utepe, wa sita alishika mkasi. Waliopandisha kengele kwa kamba na mabega yao, hata ikawaua wawili, hawakuandikwa popote. Inspekta aliyeitwa Miwani na kila mtu kituoni, mpaka na mkewe nyumbani, alikisoma kibao chote bila kuruka neno. Akaandika kwenye daftari: *Majina sita. Mtunza saa hayumo.*

Ilikuwa siku ya tatu tangu mtunza saa afe humo ndani. Faili lilishaandaliwa, limenyooshwa kama shati la harusi, linangoja sahihi moja tu. Mhandisi wa Jiji alikuwa ameeleza kila kitu katika ukurasa mmoja: saa nane na dakika kumi mchana waya ulikatika kwa kukosa grisi, gogo la chuma linaloiendesha saa likaanguka, likamponda mtunza saa, akafa papo hapo. Chanzo cha ajali: uzembe wa marehemu.

Mkuu wa kituo aliitaka sahihi hiyo kabla ya saa kumi. Ikishawekwa, mzee aliyeitunza saa ya mji miaka thelathini na mmoja angezikwa akiwa mzembe kwa maandishi ya serikali, na mjane wake angepewa wiki moja kukihama chumba chao cha chini ya mnara.

Kitu kimoja kilimzuia Miwani. Siku ile ya ajali alikuwa amekaa dirishani kituoni. Saa ya mnara ilipiga saa tisa, mapigo matatu, naye akairekebisha saa yake ya mkononi. Ikapiga saa kumi. Ikapiga kumi na moja. Mji mzima uliisikia saa ikilia, kisha ukaambiwa ilikuwa imeshavunjika, na mji mzima ukanyamaza. Ndivyo tulivyozoezwa. Tunaambiwa mvua hainyeshi, tunakunja miavuli.

Mhandisi alimkuta mlangoni, kofia ngumu kichwani, nyeupe haijawahi kuguswa na vumbi.

"Afande, tunajichosha bure. Mambo yako wazi kama mchana."

"Mimi mchana huwa sioni vizuri, bosi. Ndiyo maana ya hii miwani. Nionyeshe gogo."

Gogo lilikuwa chini kabisa, katika shimo la ndani ya mnara ambamo hupandishwa na kushuka. Saa kama ile haina betri. Chuma kizito kinaning'inizwa kwa waya, kinashuka polepole wiki nzima, na kushuka kwake ndiko kunakozungusha gia. Kikifika chini, mtunza saa anakipandisha tena kwa mkono, mizunguko mia moja na themanini, jasho tupu. Miwani aliyasoma hayo jana yake katika kijitabu cha zamani alichokikuta maktaba, kurasa zake bado zimeshikana.

Alichuchumaa.

"Lina kilo ngapi?"

"Mia tatu hivi."

"Likaanguka kutoka wapi?"

"Juu kabisa. Mita kumi na tano."

Miwani aliigonga sakafu kwa kifundo cha kidole. Mbao tupu, zimezeeka, nzima. Hakuna hata moja iliyopasuka. Kutu ya gogo ilikuwa imenata kwenye mbao zile mpaka imekuwa nazo kitu kimoja.

"Kilo mia tatu, mita kumi na tano. Mtu amepondeka, ubao umepona. Huu ubao una bahati kuliko sisi sote."

"Mbao za zamani hizo, afande. Si hizi za leo."

Miwani alishika ncha ya waya. Waya uliochakaa hukatika kwa kufumuka, nyuzi moja moja, kama kamba ya katani. Huu ulikuwa na ncha bapa, inang'aa. Chini yake, juu ya vumbi, kulikuwa na unga wa chuma. Aliuzoa kwa karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni. Mhandisi alitazama mfuko ule kuliko alivyowahi kulitazama gogo.

Wakaanza kupanda ngazi. Miwani alihesabu kwa sauti, maana akihesabu kimya hukosea. Ngazi ilipopinda mara ya pili alisimama. Mbao zote zilikuwa nyeusi kwa umri, zimelika katikati kwa miguu ya mtu mmoja. Ubao wa kumi na moja kutoka pale penye pindo ulikuwa mweusi pia, ila ulikuwa mweusi wa oili chafu. Alikwaruza kwa ufunguo. Chini ya oili, mti ulikuwa mweupe, mbichi, na misumari ilikuwa mipya.

"Nani kautengeneza?"

"Matengenezo ya kawaida."

"Lini?"

"Ya kawaida, afande. Hayana lini."

Pale penye pindo sakafu ilikuwa imeoshwa kwa dizeli. Tena kipande kile tu, kwingine kote vumbi la miaka. Miwani alipiga magoti, akanusa, akaandika. Magoti yalilia kuliko mbao.

Chumba cha mashine kilikuwa juu ya hapo. Kabati lake la chuma lilifungwa kwa kufuli, na Mhandisi alidai ufunguo umepotea. Miwani alimulika tochi kupitia ufa wa mlango. Ndani ya kabati la saa hapakuwa na saa. Fremu tu, matundu manne ya bolti, na utando wa buibui uliotanda toka kona hadi kona, mzito kama pazia.

"Mashine iko wapi?"

Mhandisi alikuwa amejiandaa. Alitoa karatasi kwenye koti, haraka mno kwa mtu aliyeshtuka.

"Sikutaka kumvunjia heshima marehemu. Lakini mzee aliiuza, afande. Gia zote za shaba. Tuliipeleka matengenezo miaka miwili iliyopita, ikarudi, akaipokea. Sahihi yake hii hapa. Ufunguo alikuwa nao yeye."

Sahihi ilikuwa ya kweli. Herufi kubwa zilizokaa wima, za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Miwani aliikumbuka pia siku ile ya miaka miwili iliyopita. Palikuwa na turubai, spika, utepe mwingine, hotuba ya kwamba saa ya mji imefufuka. Mzee alikuwa amesimama nyuma ya viti, amevaa koti la kuazima, hapigi makofi. Wakati ule Miwani alidhani ana njaa.

"Kwa hiyo aliiuza."

"Inauma, lakini ndiyo hivyo."

"Na juzi saa nane na dakika kumi, gogo likaanguka likiwa linaiendesha saa."

"Ndiyo."

"Saa ipi, bosi? Uliyosema ameiuza?"

Njiwa alikoroma mahali fulani juu yao.

"Chagua moja," Miwani alisema. "Ukiniambia gogo lilimuua, basi mashine ilikuwepo. Ukiniambia aliiuza, basi gogo halikuwa na kazi ya kufanya pale juu. Zote mbili siwezi kukuandikia, karatasi yangu ndogo."

"Nina kikao," Mhandisi alisema, akashuka. Kabla ya kufika penye pindo aliuruka ubao wa kumi na moja. Mguu wake haukuwa na imani nao.

Miwani aliendelea peke yake mpaka kwenye kengele. Hapo alikuta stuli mbili, saa ndogo ya mezani, mtungi wa maji, na kopo lililojaa pamba. Kwenye mhimili unaozungusha mishale ya nje palifungwa mpini wa jembe, wa kuuzungushia kwa mkono. Na chini ya kengele kulikuwa na nyundo ya mti iliyozungushiwa matambara, mpini wake umelika pande mbili, kwa mikono ya aina mbili, mmoja mpana, mwingine mdogo.

Alikaa kwenye stuli. Miaka miwili watu wa mji walikuwa wakitaniana kwamba saa yao inazeeka. Mshale unaruka badala ya kutambaa. Saa sita mchana, mapigo kumi na mawili, ya mwisho yanakuja kwa kujivuta. Walicheka, na yeye alicheka nao. Mashine ikiharibika husimama. Haichoki. Anayechoka ni mtu.

Daktari wa chumba cha maiti alipokea simu akiwa anatafuna kitu.

"Huyo mzee hakupondwa na chochote," alisema. "Paja limevunjika, nyonga imevunjika. Ameanguka. Damu imevuja ndani kwa ndani, taratibu. Nampa saa tatu, au tatu na nusu."

"Saa tatu akiwa hai?"

"Hai na akili zake. Yeye angedhani ni mguu tu. Maumivu ya mfupa yanaficha hayo mengine. Kwani hukusoma ripoti yangu?"

"Kwenye faili langu ukurasa huo haupo."

"Basi muulize aliyelipanga," akakata.

Fundi viatu alifanyia kazi nje, mgongo wake ukiegemea ukuta wa mnara. Miwani alipotokea, alimwangalia miguu kwanza, uso baadaye.

"Afande, soli yako ya kushoto inacheka. Lete niinyamazishe."

"Siku nyingine, ndugu yangu. Juzi mchana ulikuwepo?"

"Mimi ni kama ukuta huu, siendi popote."

"Ulisikia kishindo? Kitu kizito kuanguka?"

"Kishindo cha chuma, hapana. Niliwasikia mafundi."

"Mafundi gani?"

"Wa ngazi. Mzee alikuwa ameililia ngazi ile mwaka mzima, kila siku anaandika barua, kila siku ananiambia leo watakuja. Juzi nikasikia anawapigia kelele humo ndani. 'Usishuke! Ngazi imekatika, usishuke!' Nikasema, alhamdulillahi, wamekuja. Maana mtu mwenye shida husema nisaidieni, si ndiyo? Yeye hakusema hata mara moja. Ni usishuke, usishuke tu."

"Toka saa ngapi?"

"Toka baada ya saa nane kulia. Ananyamaza, anaanza tena. Mpaka nafunga vitu vyangu, saa kumi na kitu, sauti ilikuwa imekwisha, ameshakauka koo. Nikamtania kupitia ukutani. Nikamwambia, 'Mzee, waache vijana washuke wakale!'"

Alicheka kidogo. Kisha akaona kwamba Miwani hacheki.

"Mafundi walikuwepo, sivyo, afande?"

Miwani alifunga daftari.

"Afande. Niambie mafundi walikuwepo."

Nyundo ya fundi ilibaki imeinuliwa, na kiatu cha watu kilibaki mapajani mwake kinangoja.

Mjane alifungua mlango kabla Miwani hajabisha hodi mara ya pili, kwa kuwa alishamwona kupitia dirishani. Chumba kilikuwa kimefagiliwa, vitu viwili vitatu vimeshafungwa kwenye shuka. Alimkalisha Miwani panapopata mwanga, yeye akakaa mbele yake, karibu kuliko watu wanavyokaa na polisi, macho yake yakiwa kwenye midomo ya Miwani.

"Pole tena, mama."

"Nimeshapoa, mwanangu. Nilishamwambia yule bwana mkubwa kila kitu. Gogo lilianguka. Alikufa papo hapo. Niweke wapi kidole?"

Miwani aligeuza uso kuelekea ukutani, akasema kwa sauti ya kawaida: "Mama, nani alipiga saa tisa?"

Hakujibu. Alingoja, kama anayengoja mtu amalize kupiga chafya. Miwani alimgeukia.

"Tangu lini husikii, mama?"

Mikono yake ikaanza kukunja ncha ya kanga. Mikono midogo, viganja vigumu kama kwato.

"Sikio hili, miezi sita baada ya kuanza kupiga. Hili jingine, mwaka jana. Pamba haisaidii, kengele inaingilia kwenye mifupa."

"Mzee alijua?"

"Nilimficha. Angejua angeninyang'anya zamu, angepiga peke yake toka asubuhi mpaka usiku, na kifua kile. Nikajifunza midomo yake. Alikuwa na midomo mizuri kusoma, hakuwa mtu wa kumung'unya." Akaiachia ncha ya kanga. "Yule bwana alimwambia ni siku chache tu. Gia ziko njiani. Weka sahihi hapa kwanza, ni utaratibu tu. Siku chache zikawa mwezi. Akienda kuuliza anaambiwa, nani atakuamini, sahihi ni yako. Akaniambia, mke wangu, mji usijue. Wakijua saa imekufa watasema imenifia mikononi."

"Niambie siku ile."

"Alipiga saa nane, akanipa nyundo, akashuka kula. Apande saa kumi anipokee. Hakupanda. Nikasema amelala, huyo. Nikanuna. Nikapiga saa kumi kwa hasira, kila pigo nampigia yeye. Nikapiga kumi na moja. Ndipo nikashuka. Ubao mmoja haupo, mguu wangu ulikuta hewa, nikashika ukuta. Yeye yuko penye pindo. Kifua kilikuwa bado na joto."

"Ukaita watu."

"Nikakaa naye. Ilipokaribia kumi na mbili nikapanda tena, nikapiga. Mapigo sita ni mengi, mwanangu. Ndipo nikaenda kuita watu." Alimtazama kama anayengoja kupigwa. "Najua. Usiniambie. Lakini ndivyo alivyonituma."

Waliokuja wa kwanza, alisema, walikuwa Mhandisi na watu wake. Wao ndio walioshusha mwili mpaka kwenye gogo. Wao ndio waliomwambia gogo, na papo hapo, na kwamba akisema vinginevyo mumewe atazikwa mwizi.

Miwani alikuwa na kila kitu: waya uliokatwa kwa msumeno, ubao mpya, dizeli, kabati la buibui, ukurasa wa daktari ulioibwa. Kwa maneno ya mama huyu, neno *uzembe* lingefutwa na Mhandisi angesimama kizimbani. Ila kesi nzima ilisimama juu ya saa tatu alizokaa mzee hai. Na saa tatu zile mama hakuzijua. Angezisikia mahakamani, kwenye midomo ya wakili mgeni, au angezisikia leo.

"Mama, nataka kukwambia jambo."

"Sema."

Na huyu hakuwa mtu wa kuambiwa kwa kunong'ona, wala kwa kuinamisha uso. Ilibidi amkabili, aseme taratibu, midomo wazi, kila neno lionekane. Akamwambia ngazi ilikatika. Akamwambia saa tatu. Akamwambia kwamba mzee aliita kwa muda wote huo, na kwamba kuna mtu alimsikia nje ya ukuta.

"Aliita nani?"

"Alikuita wewe."

"Akisema nini?"

"Usishuke. Ngazi imekatika, usishuke."

Nje gari lilipiga honi, mama hakupepesa jicho. Midomo yake mwenyewe ikalitamka lile neno bila sauti, mara mbili, kama mtu anayejaribu kiatu.

"Hakusema nisaidie."

"Hakusema. Alidhani ni mguu tu. Na watu wangepanda kumsaidia wangeliona kabati."

"Na alidhani ninasikia."

"Ndiyo, mama."

"Sikushuka," alisema. "Sikushuka, mwanangu. Saa tatu nzima. Basi yeye kule chini alijua nimemsikia."

Miwani alitoa karatasi na kalamu, akaziweka kati yao.

Ndipo mama akaivuta karatasi ya maelezo, akaigeuza upande wake, akaweka kidole pale panapoanzia mistari. "Andika. Kwamba mimi ndiye niliyepiga saa tisa, na kumi, na kumi na moja. Kwamba mimi ni kiziwi na nilimficha. Usinisetiri hata kidogo. Kwamba saa ilikuwa imekufa miaka miwili na haikumfia yeye." Miwani aliandika yote. Yalijaa kurasa tatu. Mama alisoma kila mstari, akaandika jina lake chini ya kila ukurasa, polepole, herufi kubwa zilizokaa wima. Aliyemfundisha kuandika alijulikana.

Ilikuwa saa kumi kasorobo. Miwani alisimama, akaweka kurasa ndani ya faili, akaung'oa ukurasa wa Mhandisi akautia nyuma.

"Ngoja," mama alisema, naye akasimama. "Sauti yake sijaisikia tangu mwaka jana. Wewe umeambiwa ilivyokuwa. Niite kama alivyoniita."

"Mama, mimi si..."

"Kwa nguvu. Yeye alikuwa anapaza."

Akaweka kiganja kwenye kifua cha Miwani, juu ya vifungo vya sare, kama mtu anayepima ukuta una joto kiasi gani. Miwani alivua miwani yake. Akapaza sauti yote aliyokuwa nayo, mpaka watu wakasimama barabarani, na nje ya ukuta nyundo ya fundi viatu ikaanguka.

"Usishuke! Ngazi imekatika, usishuke!"

Mama alikuwa amefumba macho.

"Rudia," alisema.